Sumaku Kifuani kwa Amponsem

Ilimpiga tena asubuhi, uji ukiwa bado jikoni haujachemka. Yaa Dufie alisikia kitanda kikigonga ukuta, kisha ile sauti ya mumewe, ambayo haikuwa kilio wala neno. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepigwa teke la punda akiwa usingizini. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria akaenda. Hakukimbia. Zamani alikuwa akikimbia, siku hizi miguu ilikataa, na huko kukimbia kwenyewe hakujawahi kusaidia kitu.

Yaw Amponsem alikuwa ameikamata shuka kwa mikono yote miwili, jasho limemlowesha, macho yamemtoka.

"Imepita," Dufie alimwambia, akimfuta uso kwa pindo la kitenge chake.

"Imepita," aliitikia Amponsem. Akahema mpaka pumzi ikamrudia. "Hivi, Dufie, huyu mtu nimemkosea nini?"

"Mtu gani tena?"

"Huyu anayekaa humu." Akajigusa chini ya mtulinga wa kushoto, pale mashine ilipotuna chini ya ngozi kama kiberiti kilichosahauliwa mfukoni. "Kila nikisinzia ananipiga. Hata polisi huuliza jina kwanza."

Dufie alicheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka, maana alichotaka hasa ni kulia.

Mashine hiyo Amponsem alikuja nayo kutoka Hamburg. Alikwenda kumtembelea binti yao, akapanda ngazi za ghorofa anakoishi, na moyo ukaanza kukimbia ovyo mpaka akaanguka kama gunia. Madaktari wa huko wakamwamsha, wakamwekea kile kisanduku kifuani na waya wake ukashuka hadi moyoni, ili moyo ukipata wazimu tena, kiupige shoti utulie. Na kweli kilimfaa. Alirudi Kumasi, akarudi kwenye mbao zake kule Anloga, mtaa wa maseremala, akaranda milango na vitanda vya maharusi miaka mingi. Mara mbili tu katika miaka hiyo kilimpiga, na mara zote mbili aliinuka, akajipangusa vumbi la mbao, akamshukuru Mungu mbele ya wateja.

Lakini moyo nao huchakaa, jamani. Sasa ulikuwa umechoka kabisa. Miguu ilivimba, maji yalijaa mapafuni, na daktari alikuwa ameshasema hapana la kuongeza, mpelekeni nyumbani akae na watu wake. Mashine haikuwa na habari hiyo. Kila moyo ulipoyumba ukaanza kukimbia, ilimpiga, na alipokuwa akipata nafuu ya kulala, ilimpiga tena. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomchosha Dufie kuliko yote, kwa sababu hapakuwa na wa kumlaumu.

Dawa ilikuwepo, tena ndogo. Nesi Vida, aliyefanya kazi kwenye kliniki ya moyo, alikuwa amewaeleza kwamba sumaku ikiwekwa juu ya mashine ile, itaacha kupiga. Daktari alikubali. Amponsem mwenyewe alikubali. Kilichobaki kilikuwa kuiweka tu, na hapo ndipo pagumu.

"Vida akija leo aiweke," Dufie alisema, akimlisha uji kwa kijiko. "Mwenye mwili umeshasema."

"Mwili wangu, maiti ya ukoo." Amponsem alimeza kwa taabu. "Nikifa na Mjomba hajui, watasema umeniua. Watakufungia mlango, Dufie. Hutakaa na maiti yangu hata dakika. Nawajua, ni ndugu zangu hao."

"Waseme. Mdomo ni wao."

"Hapana. Afadhali inipige."

Dufie aliweka bakuli chini. Mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mke, hata akae miaka na miaka akazaa na kulea, ni mgeni aliyekawia kuondoka. Hakuna Mwashanti asiyejua hilo. Lakini mwanamume kukubali kupigwa shoti kifuani ili mkewe asije akafukuzwa msibani, hilo Dufie hakuwahi kulisikia popote, na lilimuuma asivyoweza kueleza.

Basi mjomba akaitwa.

Mzee Nsiah, ndugu wa mama yake Amponsem na mkuu wa ukoo, alifika jua limeshapanda, amejitanda nguo yake begani, fimbo mkononi. Nyuma yake alikuja Konadu, dada yake Amponsem wa tumbo moja, mwanamke mwenye macho ya kukagua, aliyeanza kutazama sufuria kabla ya kumtazama mgonjwa. Mzee alipoonyeshwa kiti alikisogeza kwanza, kikawa mbali na friji. Mlango wa friji una sumaku, na Mzee Nsiah hakuwa na mchezo na sumaku. Yeye naye alikuwa na mashine kifuani, aliyowekewa Accra.

Dufie aliwapa maji, wakanywa, akawauliza habari za huko watokako, wakasema ni amani. Utaratibu ulipokwisha, Konadu akamgeukia.

"Wifi, umekonda kuliko mgonjwa."

"Ndiyo kuuguza huko."

"Kuuguza, au kumhesabia siku?"

"Konadu," mzee alimkanya, lakini bila nguvu.

Wakaingia chumbani. Amponsem alijitahidi kuinua kichwa kumwamkia mjomba wake, na mzee akacheka kwa sauti, kama anavyocheka mtu akitaka mgonjwa asijue ameshtuka.

"Yaw! Mwenzangu wa mashine! Unalala mchana kama bwana harusi?" Akajipiga kifuani. "Mimi hii waliniwekea miaka ile umeme ukikatika kila siku. Kumasi nzima iko gizani, mimi peke yangu nina umeme wangu, tena bila bili!"

Utani huo aliutoa kila msiba, na Amponsem alicheka kila msiba. Leo pia alijaribu.

Nesi Vida aliingia wakati huo, mwanamke mwembamba mwenye mkoba begani, naye alikuwa na uso wa mtu aliyetoka zamu bila kulala. Akaamkia, akatoa sumaku, nene na ya mviringo kama bangili. Mzee Nsiah alipoiona alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Iweke mbali hiyo!"

"Nimeishika mimi, Mzee, haikufikii hapo."

"Daktari aliniambia kwa kinywa chake, Mzee, usisogelee sumaku. Nimetupa redio. Wajukuu nimewanyang'anya maspika. Sasa leo mnaniita nije nibariki sumaku juu ya mtoto wa dada yangu? Mnataka kumzima kama taa?"

"Si nilisema?" Konadu alidakia.

Vida alivuta pumzi. Dufie alimwonea huruma. Maneno haya, bila shaka, alishayasema kwa watu wengi.

"Mzee, nisikilize. Mashine zenu zinafanana kwa sura tu, kazi ni mbalimbali. Moyo wako wewe ugonjwa wake ni kusinzia. Unapiga polepole, wakati mwingine unasahau kabisa. Yako inauamsha, kama mtu anavyomgusa mlinzi begani. Kidogo tu, mchana na usiku, hata husikii. Umewahi kuisikia?"

"Haijawahi kunitikisa hata ukope."

"Umeona. Sasa wa Baba Amponsem haukusinzia, ulipata wazimu. Unakimbia, unatetemeka, damu haiendi. Mwenye wazimu haguswi begani akatulia. Ndiyo maana yake inapiga shoti kubwa, moja, moyo usimame uanze upya. Yako kazi yake ni kushika mwendo. Yake kazi yake ni kumrudisha mtu anayekufa ghafla."

"Na sumaku?"

"Juu ya yake, inaizuia isipige. Basi. Moyo unaendelea na mapigo yake. Hata ule msaada mdogo wa kuamsha, ambao yake nayo inao, unabaki. Tukiitoa sumaku, inarudi kupiga kama kawaida."

"Kwa hiyo hafi," Konadu alisema.

Vida alimtazama. "Anakufa, Mama. Hilo sikufichi. Sumaku ikiwepo au isiwepo, ndugu yako anakufa. Na moyo ukipata wazimu tena, hakutakuwa na wa kuuzuia. Huenda ikawa leo. Tunachochagua hapa ni kama afe akipigwa au afe amelala."

Nje mtu alikuwa akitwanga fufu ya mihogo, mchi ukipanda na kushuka.

"Mjomba, umesikia?" Konadu akasema taratibu. "Kasema huenda ikawa leo. Huyu mke amechoka naye, ndiyo habari yenyewe. Amechoka."

"Nimechoka," Dufie alisema.

Wote wakamgeukia. Hata yeye alijishangaa, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na mengine yalikuwa nyuma yake yakisukumana.

"Nimechoka, wifi. Unataka nikatae? Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipolala bila kusikiliza. Nimeomba afe, sikiliza nikwambie ukasimulie, nimepiga magoti hapa nikaomba afe, kisha nikaomba Mungu asiwe amenisikia. Lakini kuchoka siyo kuua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe unakuja Jumapili na machungwa yako, unamkuta ameshafutwa jasho, ameshavalishwa shati safi, unasema kaka anaendelea vizuri. Kaa hapa wewe. Kaa siku moja!"

Konadu alikikaza kitambaa chake cha kichwani.

Mzee Nsiah aligonga sakafu kwa fimbo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee anayeogopa, na mkuu wa ukoo haruhusiwi kuonekana akiogopa, kwa hiyo alipandisha sauti.

"Nesi, umeeleza vizuri, umesoma. Lakini mimi nikikosea hapa, nitaulizwa na walio chini ya ardhi. Dada yangu ataniuliza, mtoto wangu ulimfanyaje? Mashine ni mashine. Mbuzi mweupe na mbuzi mweusi wote mbuzi. Yangu ikizimwa nakufa, na yake ikizimwa atakufa. Sikubali. Tumalizie hapo."

Dufie aliketi chini, mgongo ukutani. Alimwona mumewe akifumba macho, akaona mdomo wake unasema kitu kisichotoka, labda pole, na akajua kwamba Amponsem hatasema zaidi, kwa ajili yake, na kwamba usiku huu itampiga, na kesho, mpaka mwisho.

Mzee akasogea kitandani kuaga. Akaichukua mikono ya Amponsem akaifumbata ndani ya yake, kama zamani Amponsem alipokuwa mtoto.

"Jikaze, mwanangu. Mungu atat..."

Ikapiga.

Mwili wa Amponsem uliruka juu ya godoro, kichwa kikagonga mbao, na ile sauti ikamtoka. Mzee Nsiah alipiga ukelele, akaachia mikono, akaanguka kitini na fimbo ikaenda zake chini ya kitanda. Vida alimrukia yeye kwanza, akamshika mkono kupima mapigo, huku Dufie akimkimbilia mumewe. Ndiyo, safari hii alikimbia.

"Imenipata!" mzee alisema, akikitazama kiganja chake. "Imenipata mimi!"

"Kidogo tu, Mzee. Inamwasha anayemshika, haina madhara. Mapigo yako mazuri."

"Kidogo?"

"Hayo uliyoyasikia ni makombo. Chakula chenyewe amekula yeye."

Mzee alimtazama mtoto wa dada yake. Amponsem alikuwa amejikunja kiubavu, machozi yakimtiririka bila yeye kulia, na Dufie alikuwa akimfuta, imepita, imepita, kwa sauti ya mtu aliyesema neno hilo mpaka limekosa ladha.

"Yaw. Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, Mjomba."

"Siku zote?"

"Nikisinzia." Akavuta pumzi. "Samahani, Mjomba, imekufikia na wewe."

Basi mzee akalia. Kwa samahani hiyo. Alilia wazi, bila kujifunika na nguo, Konadu akageuza uso asimwone.

"Na mimi nilikuwa nakutania," alisema. "Misibani, mbele za watu. Sisi wenye mashine, sisi wenye mashine. Nilidhani tumebeba mzigo mmoja. Mimi nimebeba pamba, mwenzangu amebeba jiwe, na namchekesha." Alijipangusa. "Iwekwe. Iwekwe sasa hivi. Tena nitaiweka mimi kwa mkono wangu, asije mtu akasema ni mke."

Akanyoosha mkono. Vida aliruka nyuma, akaificha sumaku mgongoni.

"Mzee! Wewe hapana! Wewe ndiye usiyetakiwa kuigusa! Ukiisogeza kifuani kwako itaivuruga mashine yako!"

Sauti ya ajabu ikatoka kitandani. Amponsem alikuwa anacheka. Kicheko kilimkata pumzi, Dufie akamwinua mgongo, naye akaendelea kucheka, na mzee mwenyewe, machozi yakiwa bado mashavuni, akacheka pia.

"Ala! Basi yale ya daktari yalikuwa kweli," mzee alisema. Akamgeukia Konadu, na kicheko kikamwisha. "Wewe. Tumbo moja naye. Shika."

Konadu aliipokea ile sumaku kwa vidole vyote kama inachoma. Vida alimwonyesha mahali. Akaiweka juu ya uvimbe ule, na Vida akaibana kwa plasta, upande huu na upande huu, na hata alipomaliza, Konadu hakuondoa mkono.

"Inauma, kaka?"

"Baridi tu," Amponsem alisema.

Mzee Nsiah alisimama. Aliomba maji, akamwaga kidogo mlangoni, akataja waliotangulia kwa majina yao, dada yake mwishoni. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Mimi, Nsiah, nimeona kwa macho na nimesikia kwa mkono. Tumefanya sisi, ukoo. Mke huyu hakuua mtu. Atakayesema vingine aje aniambie mimi." Akamwangalia Dufie, pale alipoketi na upindo wa kitenge uliolowa. "Pole na kazi, mwanangu."

Katika miaka yote ya ndoa yake, hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumwambia hivyo. Dufie akaitikia kwa kichwa.

Vida akaondoka kwenda kulala. Amponsem alifumba macho. Dufie alikaa karibu yake, mwili wote umekakamaa, akingoja. Mumewe alisinzia, Dufie akangoja. Akakoroma, Dufie akashika ukingo wa kitanda kwa nguvu. Hakuna kitu. Pumzi iliingia ikatoka, mara ndefu, mara fupi.

"Kalale, wifi," Konadu alisema.

"Siwezi."

"Basi nyoosha mgongo tu. Hapo hapo chini. Mimi nipo."

Dufie alitandika mkeka kando ya kitanda, akajilaza kunyoosha mgongo tu.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehama dirisha. Hakujua yuko wapi. Mwili ulikuwa mzito kwa raha, na alilala hivyo kidogo, akisikiliza michi ya majirani, kabla ya kukumbuka kwamba ana mgonjwa. Akaketi.

Konadu alikuwa kwenye ukingo wa kitanda, ameuma kitambaa cha kichwani kwa meno, ameuma mpaka mishipa ya shingo imemsimama. Mzee Nsiah alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa, viatu amevivua. Amponsem alilala chali, mikono imenyooshwa, shuka imekunjuliwa vizuri.

"Ameamka?" Dufie aliuliza.

Konadu alitikisa kichwa.

Dufie aliinuka akaigusa shingo ya mumewe. Ilikuwa imeshapoa.

"Mbona hukuniamsha?" Hasira ilimpanda, kali kuliko ya asubuhi. "Wifi! Siku zote hizo nimekaa naye, zote, halafu hii moja... mbona hukuniamsha?"

Konadu alitoa kitambaa mdomoni.

"Alikataa. Alifumbua macho mara moja, nikataka kukuita. Akakutazama hapo chini. Unakoroma, wifi, usichukie, ulikuwa unakoroma kweli. Akasema, mwacheni alale. Akakutazama tena, kisha akalala na yeye. Sikujua hata pumzi ipi ilikuwa ya mwisho."

Dufie alishika mkono wa mumewe.

"Kulia mwanzo ni haki yangu, dada yake," Konadu akaendelea, na sauti ikaanza kumvunjika. "Nimekiziba kilio kwa kitambaa hiki mpaka uamke. Mjomba alisema nilie, nikamwambia bado. Sasa umeamka. Anza wewe."

Dufie alifungua kinywa apige yowe, na kilichotoka kwanza kilikuwa mwayo, mwayo mrefu wa mtu aliyelala akashiba. Aliona aibu, akajiziba kwa mkono. Konadu akauondoa mkono huo taratibu, akaushika. Ndipo yowe likaja, na Konadu akalipokea, na nje majirani wakaweka michi chini.